Jina Juu ya Mlango

Aghalabu watu hudhani kwamba daftari la majina ya biashara liliwekwa ili kumhifadhia mfanyabiashara jina lake lisichukuliwe na jirani. Kumbe asili yake ni shaka. Uingereza ilipotunga sheria yake mwaka 1916, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, ilihofu kwamba nyuma ya majina ya Kiingereza yaliyoandikwa madukani walijificha Wajerumani, ndipo ikamshurutisha kila auzaye kwa jina lisilo lake aeleze yeye ni nani, wa taifa gani, na kama alipata kubadili jina. Aliyefanya biashara kwa jina lake halisi, pasipo nyongeza, hakudaiwa kitu.

Kanuni hiyo ilivuka bahari ikaingia katika sheria za Tanganyika, Sura ya 213, nayo ingali hai. Lakini Dodoma, ambako reli ilifika mwaka 1910 na maduka yakaifuata, Msajili alikuwa mbali, Dar es Salaam. Na seremala wa Chang'ombe, mtaa wa hukohuko Dodoma, ambaye kibao chake ni kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa brashi nyekundu, aliaminiwa mbao kwa mkopo kwa sababu muuzaji alimjua yeye, na mkewe, na mahali alipolala. Cheti kingemwongezea nini? Wala Operesheni Maduka ya 1976, iliyofunga maduka ya watu binafsi, haikumtia mtu hamu ya kujiandikisha kwa hiari.

Mambo yaligeuka, nadhani, si kwa sababu BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, iliundwa mwaka 1999, bali kwa sababu mteja alibadilika. Tangu serikali ilipoazimia mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, meza na makabati yalianza kuagizwa na ofisi, ambazo hulipa kwa benki. Na benki haifungui akaunti kwa jina la karakana mpaka ione cheti.

Hata hivyo, jina lililosajiliwa halimfanyi fundi kuwa kampuni: deni la karakana ni deni lake mwenyewe, na rajamu ya bidhaa ina sheria yake nyingine, ya 1986. Naye akifariki, wanawe huendelea kuranda mbao chini ya bati lilelile, hali daftarini mwenye jina bado ni marehemu. Na hundi ya kwanza inapofika, karani wa benki huwadai kwanza barua ya usimamizi wa mirathi.