Tiba Inayofuatwa: Leza ya Retina na Njia ya Tanga hadi Moshi

Katika mkoa wa Tanga, kuanzia mwambao wa Mkinga na Pangani hadi misitu ya milima ya Usambara, kuna maradhi mawili yanayoweza kuharibu retina, ambayo tiba ya kisasa imeyakabili kwa njia zinazopishana kabisa. Retina ni utando mwembamba uliotandikwa ndani ya jicho upande wa nyuma, ambao hupokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu wa jicho. Ugonjwa wa kwanza ni usubi, ambao dawa yake hatimaye ilimfuata mgonjwa hadi kijijini kwake. Wa pili ni ule unaotokana na kisukari, ambao tiba yake kuu kwa miongo mingi imekuwa mionzi ya leza, na leza humtaka mgonjwa aifuate ilipo, mara nyingi kwa safari ya mamia ya kilomita. Historia ya tiba hizi mbili, zikiwekwa pamoja, inaonyesha kwamba mwelekeo wa safari kati ya mgonjwa na tiba umekuwa na uzito mkubwa katika kuokoa macho ya watu wa pwani ya kaskazini, pengine kuliko uvumbuzi wenyewe.

Njia ambayo wagonjwa wengi wa macho wa Tanga wamekuwa wakiifuata ilichorwa kwa madhumuni mengine kabisa. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea bara, ili mazao ya mashamba ya Usambara na baadaye ya Kilimanjaro yafike melini. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 350. Katika mji wa Tanga wenyewe hospitali ya serikali ilijengwa juu ya jabali linalotazama bahari, mahali ambapo leo ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na huko Amani, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe ilianzishwa mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Pili Amani ikageuzwa kuwa makao ya utafiti wa malaria na maradhi mengine yanayoenezwa na wadudu, na kazi hiyo baadaye iliingizwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Ni katika mazingira hayo ya utafiti wa wadudu ambapo ugonjwa wa usubi ulichunguzwa. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na inzi weusi wanaouma mchana kandokando ya maji yanayokwenda kasi. Vitoto vya minyoo hiyo huzagaa chini ya ngozi na kuleta mwasho usiokoma, na vikiingia katika jicho vinaweza kuharibu kioo chake cha mbele pamoja na retina. Katika maeneo ya savana ya Afrika Magharibi ugonjwa huu ulipofusha watu wengi, ilhali huko Usambara madhara yake yamejitokeza zaidi kwenye ngozi kuliko machoni. Fumbo la watafiti lilikuwa ni mahali wanapokulia inzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu viluwiluwi vyao havikuonekana kwenye mawe na majani ya mtoni kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1950 watafiti waliokuwa Kenya walitangaza kwamba viluwiluwi vya aina mojawapo ya inzi hao huishi vikiwa vimejishikiza kwenye miili ya kaa wa maji baridi, na katika miaka ya 1960 watafiti wa Amani waliichunguza kwa kina aina ya Usambara, ambayo nayo huwapanda kaa wa vijito vilivyofunikwa na kivuli cha msitu.

Kwa kuwa vijito hivyo ni vingi na vimejificha, kuwaua inzi kwa sumu hakukuwa kazi nyepesi, na ukombozi ulikuja kwa njia ya kidonge. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya ivermectin kwa ajili ya ugonjwa huu, na mwaka 1995 ukaanzishwa mpango wa Afrika wa kuudhibiti, uliojengwa juu ya wazo kwamba wanakijiji wenyewe wachague wagawa dawa miongoni mwao. Dawa hiyo huua vitoto vya minyoo na kuidhoofisha minyoo mikubwa isizae kwa muda, lakini haiiui moja kwa moja, na minyoo hiyo huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo kidonge hurudiwa kila mwaka kwa miaka mingi. Mgawa dawa wa kijijini Muheza au Korogwe humpima mtu urefu kwa kijiti chenye alama, akapata idadi ya vidonge vinavyomfaa, akaandika katika daftari, akahamia nyumba ya pili. Mtu anayepewa vidonge hivyo halazimiki kujua kama anaumwa, wala kukata tiketi ya basi.

Tiba ya retina kwa mwanga ilikuwa na asili ya mbali na tofauti. Kwanza ilibidi retina ionekane, jambo ambalo kwa jicho la mtu aliye hai liliwezekana kwa uhakika pale Hermann von Helmholtz alipotangaza chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Kisha, baada ya kupatwa kwa jua kwa Julai 1945, daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath alivutiwa na makovu yaliyobaki katika retina ya mtu aliyelitazama jua kwa macho matupu. Wengi wangeona katika makovu hayo onyo tu, la aina ile ile iliyorudiwa nchini Tanzania kabla ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016. Yeye aliona ndani yake tiba. Ikiwa mwanga unaweza kuunguza retina na kuacha kovu, basi kovu dogo lililowekwa kwa makusudi lingeweza kuishikiza retina iliyochanika isibanduke. Mwaka 1949 huko Hamburg alianza kuwatibu wagonjwa kwa mwanga wa jua ulioelekezwa jichoni kwa vioo, na kwa kuwa mawingu ya Ujerumani hayakumpa uhuru wa kufanya kazi kila siku, alihamia kwenye taa za umeme, hadi kampuni ya Zeiss ilipomtengenezea katika miaka ya 1950 mashine ya taa ya gesi ya zenoni.

Tarehe 16 Mei 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza. Leza ni chombo kinachotoa mwanga wa rangi moja, uliopangika na usiotawanyika kama mwanga wa taa ya kawaida, kiasi kwamba nguvu yake inaweza kukusanywa kwenye nukta ndogo mno. Mnamo Desemba 1961 madaktari wa New York waliitumia leza ya kito cha yakuti katika jicho la mgonjwa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 leza ya gesi ya agoni ilianza kuchukua nafasi yake, kwa sababu mwanga wake wa kijani na buluu hufyonzwa vizuri na rangi nyeusi iliyo chini ya retina na damu iliyo katika mishipa. Hata hivyo, kilichoifanya leza kuwa tiba ya kuaminika ni utafiti mkubwa uliofanywa Marekani katika miaka ya 1970, uliohusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 1,700 katika vituo 15, ambao kila mmoja wao alitibiwa jicho moja huku la pili likiachwa kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1976 yalionyesha kwamba leza ilipunguza hatari ya upotevu mkubwa wa kuona kwa nusu au zaidi.

Namna inavyofanya kazi inahitaji kuelezwa, maana ndiyo inayoeleza pia mipaka yake. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huziharibu kuta za mishipa midogo ya retina, ambayo huanza kuvuja au kuziba. Sehemu zilizokosa damu hutoa kemikali zinazochochea kuota kwa mishipa mipya, nayo mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka na kujaza jicho damu, au huambatana na makovu yanayoivuta retina hadi ikabanduka. Mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, huweka kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, lenzi yenye ute huwekwa juu ya jicho lake lililotiwa ganzi, kisha daktari hupiga milipuko mifupi ya mwanga, kila mmoja ukiacha alama nyeupe ambayo mara nyingi haizidi nusu ya milimita. Tiba kamili ya mishipa mipya huhitaji alama 1,200 au zaidi, zinazotandazwa pembezoni mwa retina huku sehemu ya katikati inayotumika kusoma na kutambua sura ikiepukwa. Kwa kuunguza sehemu ya retina ya pembeni, daktari hupunguza mahitaji ya oksijeni na hivyo kemikali zinazochochea mishipa mibaya. Gharama yake ni upungufu kiasi wa kuona usiku na kuona kwa pembeni. Leza huhifadhi uwezo wa kuona uliobaki, na kwa kawaida hairudishi uliokwisha potea.

Mashine za mwanzo zilikuwa kubwa, zilitumia umeme mwingi na zilipozwa kwa maji yanayopita ndani yake, hivyo hazikuzifaa hospitali ambazo umeme na maji hukatika. Leza zisizotumia gesi, zenye mwanga wa kijani na zinazochomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani, zilipoenea katika miaka ya 1990 na baadaye, kikwazo hicho kilipungua sana. Wakati huo huo sura ya maradhi nchini ilikuwa ikibadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu vijiji vya Tanzania ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia mmoja kati ya mia, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban tisa kati ya mia wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikuwa za maeneo yale yale wala za njia ile ile, kwa hiyo haziwezi kulinganishwa tarakimu kwa tarakimu, lakini mwelekeo wake unaungwa mkono na kliniki za sukari zilizoanzishwa katika hospitali za mikoa.

Kwa mkazi wa Tanga, leza ilipatikana kwanza penye mabingwa, na mabingwa walikuwa katika hospitali kubwa. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, na mkoa wa Tanga umo katika kanda hiyo. Hospitali za Muhimbili na CCBRT zipo Dar es Salaam. Mgonjwa anayetoka mjini Tanga hupita Muheza na kufika Segera, ambapo barabara hugawanyika, moja ikielekea Korogwe, Mombo, Same na Moshi kwa kuifuata reli ya zamani, nyingine ikielekea Chalinze na Dar es Salaam, na kila upande jumla ya safari hukaribia kilomita 350. Safari hiyo haiishi kwa mara moja, kwa kuwa leza kamili mara nyingi hugawanywa katika vikao kadhaa. Tena mtu aliyetiwa matone ya kupanua mboni haoni vizuri kwa saa kadhaa, na hivyo huhitaji mtu wa kumshika mkono, jambo linaloongeza nauli ya pili na malazi ya pili.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, unatokana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Wakati ambapo leza huleta faida kubwa, mgonjwa huwa haumwi jicho na anaona vizuri, kwa hiyo hana kinachomsukuma kupanda basi. Anapoanza kuona ukungu au madoadoa meusi yanayoelea, mara nyingi damu imekwisha vuja. Mkoa wa Kilimanjaro ulijaribu kulitatua hilo tangu mwaka 2010 kwa mpango wa kupeleka kamera ya kupiga picha za retina katika kliniki za sukari za wilayani, na zaidi ya mmoja kati ya kila wagonjwa wanne waliopigwa picha alikutwa na dalili za uharibifu. Lakini kupiga picha hakukutosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilazimika kuchunguza kwa nini wagonjwa wengi waliopewa rufaa ya kwenda KCMC hawakurudi kufuatiliwa. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa watu wanaoishi karibu na Moshi, mzigo wa mtu wa Pangani au Kilindi unaweza kukadiriwa.

Tangu mwaka 2005 sindano za kuzuia kuota kwa mishipa mipya zimeingia katika tiba hii duniani, na katika uvimbe wa sehemu ya katikati ya retina zimeipita leza kwa ubora. Hata hivyo sindano hizo huhitaji kurudiwa mara nyingi, na utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye mishipa mipya waliotibiwa kwa sindano pekee kisha wakapotea kliniki kwa muda mrefu waliharibikiwa zaidi kuliko waliopigwa leza. Kwa watu ambao kila hudhurio lina nauli ya kilomita mia tatu na hamsini, leza, ingawa ni tiba ya kizazi kilichopita, ingali na thamani isiyopungua, kwa kuwa faida yake hubaki hata mgonjwa asiporudi kwa wakati.

Historia ya usubi imeonyesha kwamba afya ya umma katika mkoa huu inao uwezo wa kumfikia mtu asiyejua kuwa anaumwa, kwa kutumia kijiti, daftari na jirani anayeaminika. Leza yenyewe haiwezi kugawiwa nyumba kwa nyumba, kwa sababu inahitaji chumba, mashine na bingwa. Uchunguzi unaoitangulia unaweza, kwa kuwa kamera inaweza kuwekwa katika kliniki ya sukari ya Bombo, Muheza au Korogwe, retina ikapigwa picha siku ile ile mgonjwa anapopimwa sukari na kuchukua dawa zake, na nauli ya Moshi ikatolewa na yule tu ambaye picha yake inaonyesha anahitaji kwenda. Kwa hiyo mwaka ambao tiba ya retina itahesabiwa kuwa imefika katika pwani ya kaskazini si ule ambao mashine ilifungwa Moshi au Dar es Salaam. Ni ule ambao uchunguzi wa retina utakuwa sehemu ya kawaida ya kliniki ya sukari ya wilayani, na mgonjwa akapelekwa kwenye leza akiwa bado anaona.