Upimaji wa mionzi kwa watumishi wa eksirei

Upimaji wa mionzi kwa watumishi wa eksirei ni utaratibu wa kufuatilia kiasi cha mionzi kinachompata kila anayefanya kazi kwenye vyumba vya eksirei, CT-Scan na upasuaji unaoongozwa na picha. Mionzi hii haionekani, hainuki wala haiumi inapoingia mwilini. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alifariki kwa saratani mwaka 1904 baada ya miaka ya kufanya kazi na mirija ya eksirei bila kinga.

Kifaa kilichozoeleka ni beji ya TLD. Ndani yake mna fuwele, mara nyingi za litiamu floridi, zinazohifadhi sehemu ya nishati ya mionzi. Maabara huzipasha moto nazo hutoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, dozi ilikuwa kubwa. Kusoma huko huifuta beji ili itumike tena, kwa hiyo rejista ya dozi ndiyo kumbukumbu inayobaki na haifai kupotea. Nchini Tanzania kazi hii husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC).

Ukomo wa dozi unaopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na mwaka wowote usivuke 50. Kwa lenzi ya jicho, ukomo ulishushwa mwaka 2011 kutoka 150 hadi 20, baada ya kubainika kuwa mtoto wa jicho huweza kutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mtumishi akishatoa taarifa ya ujauzito, dozi ya mtoto aliye tumboni isizidi milisivati 1 kwa muda uliobaki. Taarifa hiyo isimgharimu kazi.

Beji haikingi, hupima tu. Huvaliwa kifuani, chini ya aproni ya risasi. Anayesimama kando ya mgonjwa mashine ikiwaka, kama daktari anayezibua mishipa ya moyo, huongeza ya pili kwenye kola, juu ya aproni, kwa kuwa dozi yake kubwa hutokana na mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa. Beji iliyosahauliwa kwenye aproni ndani ya chumba cha mashine huweza kumwandikia mtu dozi asiyoipata. Iliyofungiwa drooni ni mbaya zaidi: husoma kidogo mno na kumficha aliye hatarini.

Dozi ikipanda ghafla, msimamizi wa kinga ya mionzi hukagua mahali mtumishi anaposimama, muda anaotumia na aproni yenyewe, ambayo hupigwa eksirei kutafuta nyufa. Majibu ya beji ni haki ya mtumishi kuyaona.