Mshitiri, Wakala na Mshoni wa London

Tarehe 26 Aprili mwaka 1763, mkulima mmoja wa tumbaku katika koloni la Virginia alimwandikia barua mshoni Charles Lawrence wa London. Alitaka suti moja ya heshima, ya joho laini lililochaguliwa kwa uangalifu. Ilipasa barua ya namna hiyo ifuatane na vipimo vya mwili, lakini mkulima alieleza kwamba katika nchi yake vipimo vilichukuliwa vibaya sana, hata kuvipeleka kungekuwa kazi bure. Kwa hiyo alimtaka mshoni amtafute huko huko London bwana mmoja mwenye kuvaa nguo zilizoshonwa vizuri, mwenye kimo cha futi 6 na umbo la kadiri, aliyeelekea wembamba kuliko unene, mwenye mikono na mapaja marefu kidogo. Ampime huyo, kisha amshonee mwenye barua. Tena asisahau kuzidisha urefu wa suruali kuliko zile alizopeleka mara iliyopita. Malipo yangetolewa na Bwana Cary.

Mwenye barua alikuwa George Washington, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31, wala hajawa bado jemadari wa vita vya uhuru wala rais wa nchi yake. Barua yake huchekesha, kwani mtu anaagiza nguo kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine asiyemjua wala hatamwona. Hata viatu vyake alikuwa ameviagiza kwa njia hiyo: Didsbury, fundi viatu wa London, alielekezwa atumie kalibu ya mguu wa Kanali Baylor, jirani wa kikoloni, ila aizidishe kidogo. Lakini aliyeandika hayo hakuwa mjinga. Alijua jambo ambalo kila mwenye kuagiza vazi kutoka mbali hulijua kwa hasara, yaani kipimo ni maneno, na maneno yana lugha yake.

Jambo hili lahitaji maelezo kidogo. Futikamba yenye inchi, ambayo leo haikosekani shingoni mwa fundi yeyote wa Kariakoo, ilikuwa haijaenea bado. Mshoni wa karne ya 18 alitumia ukanda mrefu wa karatasi au wa ngozi, akauzungusha kifuani, tumboni na pajani, na kila kipimo kilipokomea akakata pengo dogo. Kila mshitiri alikuwa na ukanda wake, nao ulitundikwa dukani pamoja na kanda za wengine. Mshoni aliyeukata aliusoma kama mtu asomavyo mwandiko wake mwenyewe. Kwa mshoni mwingine mapengo yale yalikuwa kimya. Washington mwenyewe, baada ya kusema kuwa vipimo vya Virginia havifai kitu, alishindwa kujizuia: chini ya barua yake aliongeza kwamba alikuwa ametia ukanda ndani, akaeleza alama moja moja, ipi ni ya kifua, ipi ni ya tumbo, ipi ni ya mkono na ipi ni ya paja. Aliogopa kuupeleka, na aliogopa kutoupeleka.

Huyo Bwana Cary aliyetajwa kuwa mlipaji alikuwa Robert Cary, mwenye kampuni ya biashara huko London. Washington alimrithi pamoja na mke. Tangu zamani kampuni hiyo ilishughulikia mambo ya ukoo wa Custis, na Washington alipomwoa mjane Martha Custis mwezi wa Januari 1759, uwakala nao ukaja katika nyumba mpya. Mpango ulikuwa hivi. Mkulima alijaza tumbaku katika mapipa makubwa, akaipakia merikebuni kwa jina lake mwenyewe, na hatari ya safari ikawa juu yake. Wakala aliipokea London, akalipa nauli na ushuru, akaiuza kwa bei aliyoipata, akakata ujira wake, na salio akaliandika katika hesabu ya mkulima. Pamoja na tumbaku huja orodha: joho, kofia, misumari, madawa, sukari, hatamu za farasi. Wakala alipita madukani au alipeleka karani wake, akanunua, akafunga makasha, akayarudisha kwa merikebu nyingine. Vazi lililoagizwa mwaka mmoja huenda likavaliwa mwaka wa pili.

Tarehe 28 Septemba 1760 Washington alimwandikia Cary malalamiko ambayo yastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa historia ya biashara. Bei zilikuwa za kupita kiasi. Badala ya vitu vizuri vya mtindo wa wakati ule, mara nyingi yalikuja mavazi ambayo yangefaa kuvaliwa na mababu zao. Alisema ana sababu ya kuamini kuwa wenye maduka wa London, wakijua kwamba bidhaa inakwenda ng'ambo, hutoa iliyozeeka au iliyo hafifu, kisha huongeza bei asilimia 10, 15, au hata 20. Na kwa nini asirudishe kisichofaa? Kwa sababu, alieleza, mtu anayeagiza yale tu anayoyahitaji hawezi kukaa mwaka mzima bila nguo akingojea badali. Na hata akirudisha, muuzaji aweza kukana kuwa mali hiyo si yake.

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe, nayo si ujira wa wakala. Cary hakuwa mwizi, na asilimia chache alizokata zilikuwa malipo ya kazi halisi. Shida ilikuwa kwamba kosa halikuwa na mwenyewe. Suruali ikiwa fupi, mshoni atasema alifuata ukanda. Aliyepima Virginia atasema ukanda wake ulikuwa sahihi. Wakala atasema yeye hulipa tu, hashoni. Kati ya watu watatu kila mmoja alikuwa na udhuru, na wa nne ndiye aliyevaa suruali. Ndiyo maana Washington aliruka wakala na kumwandikia Lawrence mwenyewe, akamwagiza ahifadhi vipimo vya suti hiyo ili barua ijayo irekebishe palipo na kasoro. Alitaka mshoni awe na kumbukumbu yake, kama mshoni wa mtaani.

Alifaulu nusu. Maneno yaliweza kwenda moja kwa moja kwa mshoni, fedha hazikuweza. Virginia haikuwa na sarafu za kutosha, na tumbaku kwa sheria ya mwaka 1660 haikuruhusiwa kupelekwa nje ya dola ya Uingereza kabla ya kupitia bandari zake. Sheria ya 1663 iliagiza karibu bidhaa zote za Ulaya nazo zipitie huko kabla ya kufika makoloni. Kwa hiyo mkulima aliyemchagua mshoni wake, akamwandikia kwa mkono wake, akampa vipimo vyake, bado alilazimika kumalizia barua kwa jina la Cary.

Ilikuwapo njia nyingine. Makampuni ya Glasgow yalifungua maduka kandokando ya mito ya Virginia, yakanunua tumbaku papo hapo na kuuza vitambaa papo hapo. Wakulima wadogo walipenda maduka hayo kwa kuwa mtu aliishika nguo kabla ya kuitwaa, ingawa aliitwaa kwa mkopo. Tena washoni walikuwapo Williamsburg na Alexandria. Lakini waungwana wakubwa waliona fahari katika neno "London", na fahari hiyo waliilipia. Kufika mwaka 1764 deni la Washington kwa Cary lilikuwa karibu paundi 1,800. Thomas Jefferson aliandika baadaye, mwaka 1786, kwamba madeni ya namna hiyo yalirithiwa baba hadi mwana, hata wakulima wakawa kama mali iliyoambatanishwa na nyumba za wafanyabiashara wa London. Neno hilo ni zito likitoka kinywani mwa mtu aliyemiliki mamia ya watumwa, ambao kwao kuwa mali hakukuwa mfano wa usemi.

Nao watumwa wamo ndani ya habari hii tangu mwanzo, maana ndio waliolima tumbaku iliyolipia joho. Washington alipoanza kukimbia deni, akaacha tumbaku kuwa zao kuu la Mount Vernon na kushika ngano, alianzisha pia kazi ya kusokota na kufuma nyumbani kwake. Mwaka 1769 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Virginia walioapa kutoagiza bidhaa zilizotozwa kodi na Bunge la Uingereza. Mwaka 1772 alijipatia mshoni wa nyumbani: Andrew Judge, Mwingereza aliyefungwa kwa mkataba wa utumishi wa miaka 4. Hatimaye aliyepima na aliyeshona akawa mtu mmoja, hatua chache kutoka mlangoni, na kosa likapata mwenyewe. Hapakuwa na wakala tena. Hapakuwa pia na mtu huru katika kazi hiyo. Judge alimaliza mkataba, akaenda zake. Binti aliyezaa na Betty, mshonaji mtumwa wa shamba, alibaki, kwa sababu sheria ilimpa mtoto hali ya mama yake. Binti huyo, Ona Judge, alikua akawa hodari wa sindano na mtumishi wa chumbani wa Martha Washington. Mwezi wa Mei 1796 alitoroka kutoka Philadelphia, akafika New Hampshire, na ingawa bwana wake, ambaye sasa alikuwa rais, alifanya jitihada za kumrudisha, hakurudi tena utumwani.

Miaka saba kabla ya hapo, tarehe 29 Januari 1789, Washington alikuwa akijitayarisha kuapishwa. Alikuwa ameona katika gazeti la New York tangazo la joho lililofumwa Marekani, akataka suti ya kuapia. Hakuweza kwenda dukani mwenyewe. Basi alimwandikia rafiki yake Henry Knox, aliyekuwa jemadari wa mizinga, amnunulie kitambaa cha kutosha suti moja, na kitambaa kikapatikana, cha rangi ya kahawia, kutoka kiwanda cha Hartford. Kuhusu rangi, alimwachia Knox achague kama apendavyo. Ila kama rangi haikushika vema, au kama joho lenyewe si laini kweli, basi heri achukue la nyuzi za rangi zilizochanganywa kuliko lililotiwa rangi hafifu.