Mizani ya Nyota Changa: Tungamo, Jozi na Pacha

Apitaye Dumila, penye njia panda ya kwenda Kilosa na Dodoma, aghalabu huyaona magunia yaliyojazwa hata yakavishwa kilemba. Ndiyo lumbesa. Ukubwa wake waonekana kwa macho, bali kilo zake hazijulikani mpaka mizani iletwe. Wanafalaki (tusiwaite wanajimu, ambao hutabiri mambo ya watu) walikaa miaka mingi mbele ya nyota kama mnunuzi mbele ya lumbesa.

Mwaka 1803 William Herschel alitangaza kwamba baadhi ya nyota zionekanazo mbili mbili huzungukana kweli, na mwaka 1827 Félix Savary akakokotoa njia ya jozi mojawapo. Kwa kanuni ya Newton, ajuaye umbali uliopo kati ya nyota hizo na muda wa mzunguko wake hupata jumla ya tungamo lao. Twasema tungamo, wala si uzito. Gunia la Dumila likipelekwa Mwezini, uzito wake hubaki kama sehemu moja katika sita, na mahindi ni yale yale. Mfasiri aandikaye "uzito wa nyota" humpoteza mwanafunzi. Neno tungamo, lililotokana na kutungama, latutosha.

Pwani yetu nayo ina fungu katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyobainisha kwamba baadhi ya nyota zitoazo eksirei zina wenzi wa kuzungukana nao, na kwa hiyo zaweza kupimwa.

Ugumu zaidi ulikuwa katika nyota ndogo zilizo changa. Mwaka 1961 Chushiro Hayashi alieleza jinsi nyota ya namna hiyo inavyojikunja kabla ya kuanza kuunguza hidrojeni, huku mwanga wake ukififia. Basi mwanga ule ule waweza kuwa wa nyota ndogo iliyozaliwa karibuni, au wa nyota kubwa kidogo iliyokwisha kukaa. Hapo wataalamu hutegemea vielelezo vya makuzi ya nyota (tunapendelea makuzi kuliko mageuzi, neno lililokwisha kushikwa na siasa), navyo havina mwamuzi ila jozi iliyopimwa.

Mwaka 2008 Keivan Stassun na wenzake walitoa habari za jozi iitwayo Par 1802, katika Orioni, yenye umri wa miaka milioni 1 hivi. Nyota zake hufunikana zinapozungukana, na kila moja ina tungamo la takriban 0.41 ya lile la Jua. Kwa vielelezo zilipasa kufanana kabisa. Zilikutwa zimepishana joto kwa nyuzi 300 hivi, na moja kumshinda mwenziwe mwanga kwa karibu nusu. Wakaeleza kwamba huenda Kurwa alimtangulia Doto kwa miaka laki kadhaa.

Kwa hiyo twapendekeza nyota jozi kwa zote zizungukanazo. Pacha libaki kwa zile ambazo tungamo lao limepimwa likalingana, na mwandishi aeleze waziwazi kwamba neno hilo halisemi lolote juu ya siku ya kuzaliwa.