Uhalifu na Jamii: Mitazamo ya Kisosholojia

Uhalifu ni tendo ambalo sheria imelikataza na kuliwekea adhabu. Wanasosholojia huanzia pale sheria inapoishia: huuliza kwa nini jamii fulani, wakati fulani, imekataza tendo hili na kuliachia lile, na ni nani anayefaidika na katazo hilo.

Mwaka 1895 Mfaransa Émile Durkheim aliwashtua wengi alipoandika kwamba uhalifu ni jambo la kawaida katika kila jamii. Hakuwa akisifu wizi wala mauaji. Alitaka kuonyesha kuwa hata watakatifu watupu wakiishi pamoja, kosa dogo ambalo kwingine lingepuuzwa, kwao litahesabiwa jinai. Kwa maoni yake, adhabu huwalenga waadilifu zaidi kuliko mkosaji, maana huwakumbusha mipaka yao na kuwaunganisha. Tena, mvunja sheria wa leo huenda akawa mtangulizi wa maadili ya kesho. Mfano wake ulikuwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kwa mafundisho yake. Afrika Mashariki ina mifano yake. Mwaka 1958 mahakama ya kikoloni ya Tanganyika ilimtia Julius Nyerere hatiani kwa kashfa na kumtoza faini ya shilingi 3,000. Mwaka 1961 aliiongoza nchi hiyo hiyo kupata uhuru.

Mmarekani Kai Erikson aliupima mtazamo huo katika kitabu chake cha 1966 kuhusu Wapuritani wa Massachusetts wa karne ya 17. Koloni hilo dogo la wacha Mungu lilikumbwa na misukosuko mitatu: kwanza mhubiri Anne Hutchinson alifukuzwa, kisha waumini wanne wa dhehebu la Wakweka (Quakers) wakanyongwa kati ya 1659 na 1661, na mwaka 1692 likaja sakata la wachawi wa Salem, ambapo watu 19 walinyongwa. Erikson aliona kwamba kila mara jamii hiyo ilipotatizika kujijua ni nani, ilipata wakosaji wapya wa kuchorea mipaka yake. Hapa ndipo udhaifu wa mtazamo huu unapojitokeza: umoja wa Massachusetts ulilipiwa kwa shingo za watu wasio na hatia, na nadharia inayotaja faida ya adhabu bila kutaja aliyeilipia ni pungufu.

Wafuasi wa Karl Marx, kwa upande wao, hutazama mamlaka na wanaofaidika nayo. Kwa mfano, nchini Kenya, sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho na kumbukumbu za kazi. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia saini kwenye kipande chake alisakwa kama mhalifu. Katazo hilo lilihakikisha kuwa mashamba ya walowezi hayakosi vibarua.

Robert Merton, mwaka 1938, alieleza chanzo kingine cha uhalifu: jamii ikimhimiza kila mtu atajirike huku ikiwafungia wengi njia za halali, baadhi watatafuta njia za panya.

Hata hivyo, nadharia nyingi zilimtazama maskini tu. Edwin Sutherland alilipinga hilo. Alichunguza kampuni 70 kubwa za Marekani, akakuta maamuzi 980 ya mahakama na mamlaka nyingine dhidi ya kampuni hizo, na hakuna hata moja iliyokuwa safi. Mchapishaji aliogopa kushtakiwa, hivyo kitabu chake kikatoka mwaka 1949 bila majina ya kampuni hizo. Sutherland alifariki mwaka uliofuata. Toleo lenye majina lilichapishwa mwaka 1983.