Nje ya Amigdala: Msongo, Hofu na Mizunguko ya Wasiwasi Ubongoni

Maandishi mengi yanayoeleza ubongo kwa wasomaji wa kawaida huitaja amigdala, yaani vifundo viwili vya seli za neva vyenye umbo la lozi, kimoja katika kila nusu ya ubongo, kuwa ndiyo makao ya hofu, na kwa msingi huo wasiwasi huchukuliwa kuwa hofu ile ile iliyozidi kipimo. Dhana hii ina chimbuko la kuheshimika, kwa kuwa tafiti za Joseph LeDoux nchini Marekani tangu miaka ya 1980 zilionyesha kwamba panya anayepigwa shoti ndogo ya umeme kila anaposikia mlio fulani hajifunzi kuuogopa mlio huo iwapo amigdala yake imeharibiwa. Hata hivyo, ushahidi huo hautoshi kuthibitisha kwamba wasiwasi una kituo kimoja, na LeDoux mwenyewe amekuja kutahadharisha dhidi ya kuitafsiri kazi yake hivyo.

Kielelezo kizito zaidi ni mgonjwa anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa adimu wa kurithi. Alipopelekwa kwenye duka la wanyama alimshika nyoka, akampapasa magamba na kumgusa ulimi, ingawa kabla ya hapo alikuwa akisema kwamba anawachukia nyoka. Mwaka 2013, Justin Feinstein na wenzake walimvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, naye akashikwa na kiwewe kikali, akihema na kupunga mkono kuelekea barakoa ili iondolewe. Wagonjwa wengine wawili wenye uharibifu kama wake walipatwa na hali hiyo hiyo, ilhali kati ya watu 12 wenye amigdala nzima ni 3 tu waliofikwa nayo. Yaelekea, basi, kwamba tishio linaloonekana au kusikika huihitaji amigdala, lakini lile linalotoka ndani ya mwili lina njia nyingine, na pengine amigdala nzima husaidia hata kulizuia.

Tofauti nyingine ni ya muda. Michael Davis, akichunguza panya, alibainisha kuwa hofu ya ghafla mbele ya ishara mahususi hutegemea amigdala, ilhali hali ya tahadhari inayodumu, pale ambapo hatari haijulikani itatokea lini, huendeshwa zaidi na eneo jirani lifahamikalo kwa kifupi kama BNST. Kwa binadamu mpaka huo hauko wazi kiasi hicho, lakini unafaa kukumbukwa, kwa sababu mwenye wasiwasi kwa kawaida huteswa na jambo ambalo bado halijatokea.

Msongo huingia hapa kwa njia ya homoni. Hipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo humwaga kortisoli. Hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, huipokea homoni hiyo na kusaidia kuuzima mfululizo huo. Msongo unapokuwa wa muda mrefu, kizuizi hiki hudhoofika. Katika majaribio yaliyofanyika Bangalore, India, panya waliofungwa wasiweze kujongea kwa saa 2 kila siku kwa siku 10 walipungukiwa na matawi ya seli katika hipokampasi, huku yale ya amigdala yakirefuka. Na baada ya siku 21 za mapumziko hipokampasi ilikuwa imerejea, lakini amigdala haikurejea.

Mwaka 2024, Hui-quan Li, Nicholas Spitzer na wenzao waliripoti jambo la kushangaza zaidi: katika panya waliopata shoti kali, baadhi ya seli za rafe, eneo lililo katika shina la ubongo, ziliacha kutoa glutamati, kemikali inayochochea seli nyingine, zikaanza kutoa gaba, inayozituliza. Wanyama hao wakaogopa hata mazingira ambayo hayakuwahi kuwadhuru. Mabadiliko ya namna hiyo yalionekana pia katika ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Dawa ya sonona iliyotolewa mapema iliyazuia kwa panya, jambo linaloibua swali gumu kwa tiba ya binadamu, kwani wengi humfikia daktari miezi au miaka baada ya tukio lililowaumiza.