Frankel (farasi)

Frankel (alizaliwa 11 Februari 2008) ni farasi dume wa Uingereza wa aina ya Thoroughbred, mwana wa Galileo na Kind. Alikimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012, akashinda zote. Mmiliki wake alikuwa Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudia. Mkufunzi wake alikuwa Henry Cecil wa Newmarket, aliyekuwa akiugua saratani.

Katika mbio za 2000 Guineas mwaka 2011 alichomoka mara tu lango lilipofunguka, akawaacha wenzake mbali kabla ya nusu ya njia. Kasi ya namna hiyo humaliza farasi wengi. Yeye alishinda kwa urefu wa farasi sita. Katika mbio za Ascot, Oktoba 2012, alichelewa kutoka langoni, nyasi zikiwa zimelowa, na bado akampita farasi Cirrus des Aigles.

Akiwa dume la mbegu katika shamba la farasi la Banstead Manor, alimzaa Adayar, mshindi wa mbio za Derby za 2021.